Unga Kichwani kwa Bibi Honor

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilichokifanya, na barua zenu nimezisoma. Yule mama aliyeniandikia kwamba mtu kama mimi hafai hata kupewa maji ya kunywa, ahsante, mama. Hujakosea sana.

Kwa aliyetukuta njiani nitarudia upesi, maana kusimulia aibu polepole ni kujichoma mara mbili.

Naitwa Attracta Feerick. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilcarra, Ireland, na tangu nistaafu kazi yangu ni kuchimbua mababu wa watu. Wasia wa zamani, sensa za zamani, vitabu vya ubatizo. Kila Alhamisi nafundisha mambo hayo katika ukumbi wa parokia. Tena mimi ndiye katibu wa kamati ya makaburi, na ramani ya makaburi ya zamani niliichora kwa mkono wangu.

Jirani yangu Delia Gildea, bibi wa miaka themanini na kitu, aliomba jambo moja tu. Akifa, azikwe katika kaburi la akina Feerick, alipolala bibi yake Sabina aliyemlea. Alisema Sabina alikuwa binti wa Honor Feerick. Huyo Honor ni mama wa babu yangu Thady. Maana yake mimi na Delia tulikuwa ndugu.

Nikasema si kweli. Nilisimama mbele ya kamati na karatasi zangu kama wakili. Sensa ya mwaka 1901 inamtaja Honor Feerick, mjane, miaka hamsini na miwili, anaishi na binti yake Sabina. Sensa ya 1911 inamtaja Honor Feerick, mjane, miaka sabini na minne, anaishi na mwanawe Thady.

"Ndani ya miaka kumi," nikasema, "mtu hazeeki miaka ishirini na miwili. Hawa ni wanawake wawili tofauti. Wangu ni huyu wa pili."

Delia akauliza mbona basi wasia wa Honor unamtaja Sabina. Kweli unamtaja, kwa mstari mmoja. Kwa Sabina, saa yangu ya ukutani.

Nikamjibu, na sauti yangu naisikia mpaka leo: "Huyo alikuwa mtumishi wa ndani tu. Watumishi waliachiwa vitu, hata mahali pa kuzikwa."

Delia alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Akanitazama, akasema, "Haya, Attracta." Mwanawe Fintan akamsukuma kiti wakatoka, na kamati ikafuata neno langu. Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa Delia akafa.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni.

Jumamosi nilioka keki ya zabibu kavu nikaenda nayo msibani. Fintan alikuja mlangoni mwenyewe, tai nyeusi shingoni.

"Hiyo ni nini?"

"Keki, Fintan. Pole sana kwa mama."

"Ungetuletea sufuria tuoshe," akasema. "Sisi si uzao wa mtumishi?"

Akafunga mlango.

Hamjui uzito wake kama hamjakulia kwetu. Mlango wa msiba haufungwi. Adui anaingia, anapewa chai, anapiga magoti kando ya jeneza, anaondoka na uadui wake. Mimi nilifungiwa, na majirani waliosimama barabarani wakivuta sigara wote waliona. Nikarudi nyumbani na keki yangu.

Jumapili baada ya misa nilitaka kupenya haraka nifike kwenye gari. Mico Ruane akanikata njia. Mico ni mzee mfanyabiashara wa ng'ombe, mwanafunzi wangu wa Alhamisi, na mdomo wake hauna breki.

"Mwalimu, nina swali la darasani."

"Leo si Alhamisi, Mico."

"Dogo tu. Babu yangu kwenye sensa moja ana hamsini na mitano, kwenye inayofuata ana sabini na mitatu. Ulisemaje?"

Nilijua nilichosema. Nilichekesha darasa zima. Ni kisa anachokijua kila mtu Ireland. Serikali ilipoanza kutoa pensheni mwaka 1909 kwa wenye miaka sabini, watu wengi wa rika lile hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, basi nusu ya nchi ikazeeka kwa mpigo. Nilimchora babu yake Mico ubaoni, amejikunja na fimbo, anamkimbilia karani wa pensheni.

"Nilisema aliongeza miaka," nikamjibu.

"Ulisema ni mwongo. Nami nikacheka, sikukasirika, kwa sababu alikuwa mwongo kweli. Sasa wa kwangu akiruka miaka kumi na minane ni mwongo mmoja. Wa kwako akiruka ishirini na miwili ni wanawake wawili." Akavaa kofia yake. "Kweli mwenye nacho huongezewa. Mpaka mabibi."

Watu waliokuwa karibu walicheka chini chini. Nikasema Honor alikuwa mtu wa rozari, si mtu wa kudanganya serikali.

"Ahaa," akasema Mico.

Nyani haoni kundule, ndivyo tunavyosema kila siku tukimsema mwingine. Nilikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Kisa cha pensheni nilikuwa nacho kichwani miaka yote. Nilikitumia kwa babu wa kila mtu isipokuwa bibi yangu. Niliona haya, lakini nilikuwa bado natafuta pa kujificha, basi nikaenda kwa Shangazi Winnie anihakikishie.

Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, mtoto wa mwisho wa Thady. Ana miaka tisini na mitano, hakuolewa, anaishi katika nyumba ya wazee nje kidogo ya mji. Nilikuwa nikimtembelea Krismasi na Pasaka. Habari za ukoo sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Nilijiambia akili yake imechoka. Ukweli ni kwamba Shangazi hucheka sana, na mimi sipendi kuchekwa.

"Shangazi, Bibi Honor alikuwa mtu wa namna gani?"

"Sikumkuta," akasema. "Ila nyumbani walipenda kumwita Unga."

"Unga?"

Akaanza. Alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kuna nini.

"Siku aliyokuja bwana wa pensheni, hujui? Bibi alikuwa na nywele nyeusi tii, meno yote kinywani. Wakamlaza kitandani, wakamfunga shali mpaka kidevuni, wakampaka unga wa ngano kichwani. Bwana akamuuliza, mama, unaukumbuka usiku wa Upepo Mkubwa? Bibi akajibu, naukumbuka mwanangu, nilikuwa nakula kiazi kwa mkono wangu mwenyewe, mara paa likaondoka."

Upepo Mkubwa ulipiga mwaka 1839, na aliyeukumbuka alihesabiwa ametimiza sabini. Honor wa sensa ya kwanza alizaliwa miaka kumi baadaye.

"Na yule bwana akaamini?"

"Aamini nini? Alipiga chafya kwa ule unga. Mama yake mwenyewe alikuwa keshapata pensheni kwa kiazi hichohicho."

Nikauliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nimeshaliona linakuja.

"Nani alimpaka unga, Shangazi?"

"Sabina, nani mwingine? Binti yake. Baba yangu alikuwa ameshikilia mlango asije akaangua kicheko."

"Mbona Babu Thady hakumtaja kamwe?"

"Waligombana. Sabina aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, basi, jina lake likakatazwa nyumbani. Alipokufa ndipo moyo wa baba ukalainika. Akasema, mleteni alale na mama yake. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshika mshumaa." Akanigeukia. "Delia hajambo? Ana macho ya Sabina yule mtoto."

Mtoto. Delia wa miaka themanini na kitu.

"Amefariki, Shangazi. Ijumaa."

Akajifanyia ishara ya msalaba. "Maskini. Tunamzika lini kwetu?"

Nikaanza kulikunja upya blanketi lake. Shangazi ni mzee lakini si mjinga.

"Attracta, umefanya nini?"

Nikamwambia. Kamati, sensa, mtumishi wa ndani, yote. Nilitamani acheke, hata anicheke mimi. Hakucheka.

"Umeuliza karatasi za watu waliokufa," akasema, "na mimi niko hapa hai, nakula uji. Ungeniuliza, mwanangu." Kisha akashika mkongojo wake. "Nitafutie koti langu. Yule ni mjukuu wa shangazi yangu, siwezi kukaa hapa."

Tukiwa njiani yeye alisinzia, na mimi nilikuwa naendesha huku machozi yananitoka. Hapa lazima niseme jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha, wasomaji wangu. Niliwaambia nilikuwa natetea ukweli wa ukoo. Si kweli.

Tulipomzika mama yangu, mchimbaji alinivuta pembeni. Aliniambia, "Attracta, imebaki nafasi moja tu. Chini ya hapo ni mwamba." Nikaichukua moyoni siku ileile. Sina mume, sina mtoto, na wazo la kulala kando ya mama lilikuwa linanipa usingizi. Mwaka juzi nilimwita fundi wa mawe akachonga jina langu chini ya la mama, na mwaka wa kuzaliwa, na kistari mbele yake. Watu walinicheka. Mimi niliona nimejiwekea akiba.

Kwa hiyo Delia alipoomba, sikuona ndugu. Niliona mtu anayekuja kunipora kitanda changu. Nilikuwa nimeshaamua kabla sijafungua sensa hata moja, na karatasi nilizitafutia maneno ya kusema nilichokitaka. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko mengine yote. Ningekosea kwa ujinga ningejisamehe.

Sasa nilikuwa nimekubali kuipoteza ile nafasi. Nikajiambia nitaingia, nitatubu mbele ya watu, Delia atazikwa kwa bibi yake, na mimi watanichimbia popote. Nilianza hata kujiona mtu mwema. Aibu yangu haikai peke yake dakika mbili bila majivuno kuja kuisalimia.

Fintan alifungua mlango. Alipomwona Shangazi Winnie na mkongojo wake, hakuwa na la kufanya.

"Karibu, Shangazi. Karibu ndani."

Mimi hakuniambia kitu. Nikapita nyuma ya mgongo wa bibi wa miaka tisini na mitano.

Sebule ilijaa. Chai, mikate yenye nyama ya nguruwe, wiski kwa wanaume. Padri Kilbane alikuwa kando ya dirisha, Mico Ruane kando ya chupa. Kioo kimefunikwa shuka, kama kawaida. Delia ndani ya jeneza, rozari mikononi, uso umetulia.

Na ukutani juu yake kulikuwa na saa.

Saa ya mbao nyeusi, ya zamani, uso wake umechorwa maua mekundu. Wameisimamisha kwenye dakika aliyokata roho, ndivyo tufanyavyo. Nimeusoma wasia ule mara nyingi sana. Sikuwahi kujiuliza saa yenyewe iko wapi. Ilikuwa hapa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na nimewahi kunywa chai chini yake.

Nikasema, "Naomba mnisikilize kidogo."

Vikombe vikatulia.

"Katika kupitia upya kumbukumbu," nikaanza, "kumejitokeza utata kuhusu umri wa..."

"Sema kama mtu, mwalimu," akasema Mico.

Nikapiga magoti. Sikupanga.

"Sabina alikuwa binti wa Honor. Delia alikuwa ndugu yangu. Nilimwita bibi yenu mtumishi mbele ya watu, nikamwacha mama yenu aondoke na hilo, akafa nalo. Sikujua ukweli, kwa sababu sikutaka kuujua. Nilitaka nafasi ya kaburi. Mzikeni kwa Sabina. Ni kwao, ni haki yake. Nisameheni."

Shangazi alikuwa amekaa karibu na jeneza, mkono wake juu ya mkono wa Delia.

Fintan akasema, "Inuka, Attracta. Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua kwamba umekosea, na alijua kwa nini. Jina lako si liko kwenye jiwe? Jioni ile nilitaka kuja kukuvunjia madirisha. Akanizuia. Akasema, yule ni ndugu, na ndugu hatupwi kwa kuwa mchoyo. Mwache, atakuja mwenyewe." Akaugusa ukingo wa jeneza. "Umekuja. Lakini umechelewa. Nyasi nimeshageuza."

Nilielewa palepale, na kila mtu sebuleni alielewa.

Maziko yalipangwa Jumanne, kwa hiyo kaburi lingechimbwa Jumatatu. Na kwetu kaburi halianzwi Jumatatu, ni mkosi. Ikibidi, mwenye msiba anakwenda Jumapili na beleshi, anageuza pande moja la nyasi, ili ionekane kazi ilianza jana yake. Fintan alikuwa amefanya hivyo asubuhi, katika makaburi mapya kando ya barabara kuu, kwa sababu mimi nilimfungia ya zamani. Na nyasi ikishageuzwa kwa jina la mtu, kaburi limeanza. Kaburi lililoanzwa haliachwi tupu. Likiachwa, linajitafutia mtu katika nyumba iliyolianza.

"Huo ni ushirikina, Fintan," Padri Kilbane akasema kwa upole.

"Ni ushirikina, Padri," akajibu Fintan. "Lakini wewe huna watoto. Mimi nina watatu."

Padri akakoroga chai yake.

"Kuna njia," akasema Mico, na safari hii hakukuwa na mzaha. "Apatikane mwingine wa damu moja, asiye wa nyumba hii, alipokee. Aseme mbele ya watu kwamba kaburi lile ni lake. Likishamjua mwenyewe, linatulia, linamngoja."

"Linangoja muda gani?" mtu akauliza.

Mico akaangalia chini. "Waliowahi kupokea hawakukawia."

Fintan alikuwa anamtazama mama yake. "Nataka alale kwa Sabina," akasema. "Ndicho kitu pekee alichoniomba. Lakini siwezi kuliacha lile limefunguka. Jina lazima liwepo, na liwe la Feerick."

Wote mnajua ni Feerick wangapi waliokuwa sebuleni. Na mnajua ni nani aliyeisababisha nyasi ile kugeuzwa.

Nilijua la kusema. Maneno ni machache, hata mtoto angeyasema. Lakini niliiona ile barabara kuu, malori yanapita, na pande moja la nyasi limelala kichwa chini. Nikamwona mama yangu upande mwingine wa mji, na mimi siko. Nikaogopa. Nilikuwa nimekuja kutoa nafasi yangu, sikuwa nimekuja kupokea nyingine.

"Andika langu, Fintan," ikasema sauti kando ya jeneza.

Shangazi Winnie hakuwa amegeuka. Alikuwa bado anampapasa Delia mkono.

"Mimi sina pa kulala hata hivyo. Miaka yote nilidhani ile nafasi kwa baba na mama ni yangu mimi, mtoto wao wa mwisho. Halafu siku moja muuguzi akanipeleka pale kuweka maua, nikakuta jina la mtu limeshachongwa." Akacheka kidogo, kile kicheko chake. "Nikasema basi, labda wana mpango nami mahali pengine."

Mungu anione. Sikuwahi kumuuliza Shangazi yeye atalala wapi. Ukoo wa kila mtu hapa Kilcarra nimeuchora, na katika hesabu zangu zote za kaburi lile, mtoto wa Thady aliye hai hakuwahi kunipitia akilini.

Na jambo baya zaidi ni hili. Aliposema jina lake, kitu kilifunguka kifuani mwangu, nikavuta pumzi. Nilifurahi. Kwa kitambo kifupi sana, lakini nilifurahi, na sidhani kuna mtu sebuleni mle ambaye hakuona bega langu likishuka.

Fintan hakumjibu Shangazi. Hakumtazama hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, macho yale ya Delia, na nyuma yake watu wote wameshika vikombe vyao bila kunywa.

"Attracta?" akasema.